Kaseti za Rafu ya Chini

Mwezi uliopita nilishuka tena kwenye kave ya jengo letu la zamani kule Laeken. Kave ni chumba cha chini ya nyumba, na watu wa Brussels, weusi kwa weupe, hujaza humo vitu wasivyovitaka lakini wanaona aibu kuvitupa. Nilikuwa nimepigiwa simu na dada mmoja wa taasisi inayohifadhi nyaraka. Alisema wameanza kukusanya sauti za wazee wetu, na wamesikia kwamba baba yangu alikuwa mwanahistoria wa haki za raia. Je, kaseti zake bado zipo? Nilitaka kumwuliza taasisi za namna yake zilikuwa wapi siku zile Papa alipokuwa akibisha milango yao na barua mkononi, koti limepigwa pasi na viatu vinavuja. Sikumwuliza. Siku zile yeye alikuwa mtoto mdogo, hana kosa, nami nimechoka kugombana na watu wasio na kosa.

Basi nikashuka, rafiki yangu, na harufu ikanipokea kabla ya taa. Ukungu, mafuta ya kupashia nyumba joto, karatasi zilizolowa zikakauka zikalowa tena. Na chini ya hayo yote, naapa, harufu ya ndakala, wale samaki wadogo wakavu ambao Mama aliwanunua Matonge, mtaa wa Wakongo, na kuwahifadhi kwenye maboksi ya aina ileile aliyotumia Papa kuweka kaseti. Nikawa na miaka kumi na moja papo hapo.

Papa alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Bukavu. Alifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya somo moja alilofundisha kuwafikia watu wasiokuwa wanafunzi wake, nasi tukamfuata. Huku hakuna aliyetaka mwalimu wa historia kutoka Bukavu. Asubuhi alisugua korido za jengo la maofisi, na kufikia saa sita mchana alikuwa amemaliza. Hapo alinawa mikono mpaka viwiko, akavaa suti yake nyeusi, akachukua mfuko wenye redio-kaseti. Kusugua korido alikuita "kazi". Ile ya mchana aliiita "kazi yangu".

Kazi yake ilikuwa kuwauliza wazee wa Kongo mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakati wa ukoloni, nani aliruhusiwa kuingia dukani kwa mlango wa mbele, na nani alihudumiwa dirishani? Nani alichapwa fimbo mbele ya watoto wake? Nani aliandika barua ya kudai haki, na alifanywa nini baada ya barua kusomwa? Papa alitaka kitabu kizima kitoke kwenye vinywa vya wenyewe. Alikuwa akisema kwamba mambo ya wakubwa yameandikwa na wakubwa, na kama wazee hawa watakufa kabla hajawafikia, kitakachobaki ni picha za magavana wenye masharubu.

Na unajua aliwapata wapi? Kwenye matanga. Mtu wetu akifa Brussels, ndugu hukodi ukumbi wa parokia, na kwa siku kadhaa wazee hufika kutoka Liège, kutoka Namur, kutoka kila pembe. Hukaa kwenye viti vya plastiki na makoti yao mabegani, mbele yao sahani ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo, hawana la kufanya isipokuwa kuongea. Papa hakukosa hata msiba mmoja. Wenye midomo walisema yule mwalimu anafuata sombe. Siku mbili za kwanza hakuufungua mfuko wake hata kidogo. Alibeba viti, aliosha vikombe, alilia na waliolia. Siku ya tatu ndipo alipomwegemea mzee mmoja na kumwuliza kama angependa atembelewe nyumbani.

Alikuwa na sheria moja, na ninaomba uishike vizuri. Jina la msemaji lilitajwa kwa sauti mwanzoni mwa kaseti, jina alilopewa na baba yake na si lile la ubatizo, na halikuandikwa popote. Alitoka katika nchi ambako karatasi yenye majina ilitosha kufungisha watu, na hofu ile alikuja nayo kwenye ndege. "Karatasi inasomwaka mara moja tu, wamekukamata," alikuwa akisema. "Sauti, mpaka wakae chini waisikilize." Kwa hiyo juu ya kila ganda la kaseti paliandikwa jinsi tulivyomwita mtu pamoja na mtaa wake, basi. Papa Karani, Ixelles. Tonton Dereva, Schaerbeek. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa sababu mwalimu wangu wa Kibelgiji alikuwa amenifundisha herufi za mviringo zenye mikia, na Papa alizipenda kuliko zake.

Rekodi ikiisha, Papa alichukua kisu kidogo na kuvunja vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Vikishavunjwa, mashine inakataa kurekodi juu yake. Lakini kila mtoto wa miaka ile alijua dawa yake. Unabandika kipande cha selotepu juu ya vile vishimo, na mashine inakubali. Ndivyo tulivyofuta mahubiri ya tonton, yaani mjomba, ili kurekodi nyimbo za redioni.

Kaseti zilikaa sebuleni kwenye rafu mbili. Ya juu ilikuwa ya waliofungwa, waliochapwa, walioandika barua, walioongoza migomo. Wote walikuwa wanaume. Ya chini, karibu na sakafu, pale nilipokuwa nikivulia viatu, ilikuwa ya wanawake. Mama aliwahi kumwuliza mbona amewapanga hivyo, naye akajibu ni maboksi tu, hayakuenea juu. Nilimwamini kwa miaka mingi.

Sasa nikupeleke Saint-Josse. Juu ya duka la mkate la Mturuki, ghorofa ya tatu, aliishi mama mmoja mkongwe tuliyemwita Mama Mzee. Papa alimwomba kwa miaka mitatu, matanga baada ya matanga, na kila mara alijibiwa, "Bado, mwalimu, ngoja kwanza." Siku alipokubali ilikuwa Jumatano, shule inafungwa mchana, nami nikaenda kushika kipaza sauti. Ngazi zilinukia mkate wa moto. Mezani palikuwa na chai ya maziwa na sahani ya biskuti za mdalasini, zile za kahawia zinazovunjika ukizitazama tu.

Aliweka masharti mawili kabla ya kuanza. "Nitasema mara moja tu. Donc usinirudilishe. Na batoto bangu basiisikie mpaka nikufe." Papa akakubali, akabonyeza. Mama Mzee akataja jina lake.

Lilikuwa refu, la Kirega, lugha ya kwao, lenye maana ya sentensi nzima ambayo baba yake aliisema siku alipozaliwa. Alisema halimo kwenye hati yoyote. Wamisheni walimpa lingine, mume akampa la kwake, na commune, yaani manispaa, ya Saint-Josse ikakosea yote mawili. Alilitaja polepole kisha akanigeukia. "Na weye, mutoto, sema." Nikajaribu, nikakwama katikati, nikacheka. Akanirudisha mwanzo. Mara ya tatu nikalisema lote, sawasawa, naye akanisogezea biskuti.

Kisha akaeleza. Enzi zile, Mkongo aliyetaka kupunguziwa dharau kidogo aliomba kadi ya mtu aliyestaarabika, na kabla ya kuipata, tume ilikuja nyumbani kwake kumkagua. Mume wake alikuwa ameomba.

"Bon. Balikuya batatu," alisema. "Bazungu babili na karani moja mweusi wa kuandika. Balifungula armoire yangu. Balihesabu bafourchettes. Balishika na drap, baone kama tunalalia ao ni ya kuonyesha tu."

Siku ile, baada ya kabati kufunguliwa, uma kuhesabiwa na shuka kushikwa, walipita. Wiki mbili baadaye walirudi bila taarifa na kumkuta ameketi kwenye mkeka na dada yake, wanakula bugali kwa mkono kwenye sahani moja. Karani akaandika. Kadi haikuja. "Trente ans," alisema Mama Mzee, "miaka makumi tatu bwana yangu alikuwa ananiambia: ni ule mukono yako ilinifunga."

Aliongea saa mbili siku ile. Mimi nilikuwa mle chumbani, nimeshika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kilichobaki kichwani mwangu ni hicho nilichokupa. Biskuti ninazikumbuka zote.

Ajabu ni kwamba wiki ileile polisi wa mtaa alikuja kwetu kuhakikisha kama kweli tunaishi pale tulipojiandikisha. Mama alitandika kitambaa cha meza cha Krismasi na kuificha sufuria ya bugali chini ya kitanda. Yule bwana alichungulia chumbani, akahesabu vitanda, akaangalia miswaki, akaondoka na adabu zake. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilijivunia tu kwamba nyumba yetu ilikuwa safi.

Miezi michache baadaye, redio zikaanza kuitaja Kivu kila saa. Vita vilikuwa vimefika Uvira, na watu walisema Bukavu ndiyo inayofuata. Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa Bukavu peke yake, hana simu, na posta ilikuwa imekufa zamani. Siku zile tuliandikiana kwa kaseti. Unaongea upande mzima, unampa mtu anayesafiri, naye anaifikisha mkononi. Jumapili moja tukasikia kwamba tonton mmoja anaondoka jioni hiyo kwenda Nairobi na ataendelea mpaka Bukavu kama njia ipo. Angepita kwetu saa nane mchana. Papa alikuwa kwenye msiba Liège. Na Jumapili ya Ubelgiji unaijua mwenyewe, hata pini huwezi kununua.

"Tafuta kaseti," Mama akaniambia.

"Haiko, Maman. Zote ziko na maneno."

"Tafuta, nimesema! Tonton anapita à quatorze heures, na mama yangu anangojea kufa pale!"

Nikaenda kwenye rafu. Zangu za nyimbo zilikuwepo, mbili, chini ya mto wangu. Nikwambie ukweli, sikuzigusa. Niliinama kwenye rafu ya chini, nikapitisha kidole kwenye herufi zangu za mviringo, nikasimama kwenye Mama Mzee, Saint-Josse.

"Iko na nini?" Mama akauliza.

"Ni ya bafourchettes tu," nikasema.

Nikakata selotepu kwa meno. Nikabandika. Mama akaketi sakafuni na kumsihi mama yake atoke, aache nyumba, aache mbuzi, aende kwa dadake Kindu kabla barabara haijafungwa. Alilia, akaanza upya. Mwishoni nami nikamsalimia bibi na kumwambia nimekuwa wa kwanza darasani. Tonton akaja, akaitia kaseti mfuko wa koti, ganda tukabaki nalo. Alifika Nairobi akaambiwa mpaka umefungwa. Akamwachia mtu, na huyo akamwachia mwingine. Bibi yangu hakuisikia. Baadaye tuliambiwa alitoka Bukavu kwa miguu pamoja na majirani, na kwamba wao walifika na yeye hakufika.

Papa aligundua Jumamosi iliyofuata. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kusikiliza kaseti na kunakili maneno, na foleni ilikuwa imemfikia Mama Mzee. Alivaa visikizio kwanza, akafungua ganda, likawa tupu. Mama akamweleza habari ya tonton na Jumapili. Papa hakupaza sauti. Aliniita, nikasimama mbele yake nikingoja kofi, na hadi leo namdai kofi lile, maana lingeimaliza kesi.

"Ulichagua ile sababu ya nini?" akaniuliza.

"Ilikuwa kwa rafu ya chini," nikasema.

Papa akaigeukia rafu. Aliitazama muda mrefu sana, akiwa bado na visikizio masikioni, kisha akaniambia niende kucheza.

Jumatano tulirudi Saint-Josse, yeye na mimi. Mama Mzee alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho. "Nilisema mara moja, mwalimu," akajibu. "Nilikuambia usinirudilishe." Papa akamwomba basi ataje jina tu. Akatikisa kichwa. Hakufoka. Aliingia ndani, akatoka na biskuti zilizofungwa kwenye karatasi, akanitia mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni mimi. Nilizila zote kwenye basi, nikiwa na hasira na yule mama.

Mama Mzee alikufa mwaka uliofuata. Matanga yalifanywa ukumbini kulekule Saint-Josse, na tulikuwa wengi mpaka watu walikalia ngazi. Siku ya tatu bintiye mkubwa, aliyekuwa akihudumia wazee wa Kibelgiji na kuzijua tabia za wanaokufa, akasimama katikati. Alisema siku ile ya kurekodiwa mama yao aliwaachia neno moja, na hakulirudia tena. Kwenye msalaba wake lisiandikwe jina la wamisheni wala la mume, liandikwe alilopewa na baba yake. Alipoulizwa ni lipi, alijibu, "Liko kwa mwalimu, kwa kaseti."

Watu wakamgeukia Papa. Akasimama na suti yake nyeusi.

"Kaseti haiko," akasema. "Ni miye nilifuta."

Wazee walioketi mbele wakaweka sahani zao chini. Papa akasema amelibeba jina kichwani, akajaribu kulitamka. Papa ni Mshi, kabila jingine, Kirega alikijua kwa kusikia tu. Alijaribu mara moja, akajaribu kwa namna nyingine. Mzee mmoja wa Kirega aliyeketi mbele akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Hapana, mwalimu," akasema taratibu. "Ile haiko jina."

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nimeshika sinia la maandazi. Wakati ule bado nililijua, rafiki yangu. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu, na akili ya mtoto ni mbichi. Ningelisema, lingeandikwa msalabani. Lakini ningelisema wangeniuliza nimelijuaje, na habari yote ya selotepu ingemwagika pale mbele ya watu. Nikapitisha maandazi.

Tangu siku ile hakuna mzee aliyemfungulia Papa mlango. Walimsalimia vizuri, walimpa chai, na mashine ikitoka mfukoni wote walikuwa na miadi. Aliendelea kwenda kwenye misiba kubeba viti. Kitabu hakikuandikwa. Alisugua korido mpaka magoti yakakataa, akafa katika hospitali nzuri yenye madirisha makubwa, na hakuwahi kunitaja kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Wale wazee wamekwisha. Ukumbi wa Saint-Josse sasa una mashine za mazoezi. Misiba yetu ni ya mchana mmoja, picha ya marehemu inatumwa kwenye simu, watu wanaweka alama ya mikono iliyokunjwa na kuendelea na safari. Watoto wangu wanalijua neno sombe na neno matanga, na Kiswahili chao kinaishia hapo. Ukiniuliza nani alaumiwe, ninayo orodha ndefu, na katika orodha hiyo mimi si wa mwisho.

Yule dada wa taasisi alikuja kave Alhamisi, amevaa glavu nyeupe. Aliyafungua maboksi moja moja na kuandika kwenye kompyuta yake. Papa alikuwa amezipanga kaseti upya bila sisi kujua. Wanaume na wanawake walikuwa wamechanganywa, na juu kabisa, katika boksi la kwanza, palikuwa na ganda tupu lenye herufi zangu za mviringo.

"Hii haina kitu," akaniambia kwa Kifaransa. "Niiondoe?"

Nikamwambia aache.

"Basi nahitaji jina la msemaji. Kwa nyingine tutalisikia kwenye kaseti. Huyu je?"

Alingoja, vidole juu ya kompyuta. Nilifumba macho nikarudi mezani kwa Mama Mzee. Mkate ulikuwepo, chai ilikuwepo, ule mkono wake uliomfunga mumewe ulikuwepo, unanisogezea sahani. Jina tu halikuwepo. Nikasubiri aniambie tena, na weye, mutoto, sema. Nikafungua mdomo.